Msajili wa Vielelezo Vinavyong'aa

Mamlaka ya Mipaka ya Viwanja inapenda kuutangazia umma kwamba, kuanzia Jumatatu, itaanza kutafuta programu ya kutengeneza na kuchoma diski za video, yaani DVD, kwenye kompyuta mpya. Umma unaombwa kuwa na subira. Mwenye programu hiyo asiilete, itatafutwa.

Tangazo hilo niliandika mimi. Sentensi ya mwisho iliongezwa na Mkurugenzi kwa mkono wake, kwa hoja kwamba kitu kikiletwa na mwananchi hakiwezi kusemwa kimetafutwa, na mpango kazi wa robo hii ulitaja kutafuta, haukutaja kupokea.

Naeleza yaliyotokea kwa mpangilio, kwa kuwa mitaani yamesimuliwa ovyo. Mimi ni Msajili Msaidizi wa Vielelezo Vinavyong'aa. Vielelezo vya karatasi vina msajili wao, ghorofa ya kwanza. Vinavyong'aa ni diski. Msajili kamili hajawahi kuteuliwa.

Kanuni ya 41 inasema kwamba ushahidi wa picha zinazotembea utapokelewa katika diski ya video tu, nayo iwe inachezeka kwenye mashine iliyopo ofisini. Mashine ipo. Iko juu ya kabati langu, chini ya kitambaa, na kila Ijumaa asubuhi naipima kwa kuifungua na kuifunga. Kanuni haitambui simu wala flashi, na haitambui kabisa kile watu wanachokiita kutuma. Ni kanuni nzuri. Kitu kilichotumwa hakishikiki, na kisichoshikika hakigongwi muhuri.

Wa kwanza kuihitaji baada ya muda mrefu alikuwa fundi cherehani wa mtaa wa nyuma. Tunamwita Mama Pindo kwa sababu amepinda suruali za nusu ya watumishi wa Mamlaka, ya Mkurugenzi ikiwemo, ambaye miguu yake haina urefu waliotarajia watengenezaji. Alikuwa amepewa notisi. Nyumba yake ilikuwa imegundulika kuwa iko ndani ya maegesho ya magari ya wakubwa, ambayo hayajajengwa. Alitakiwa ndani ya siku kumi na nne athibitishe kwamba ukuta wake uko upande wake wa jiwe la mpaka. Asipothibitisha, siku ya kumi na tano saa tatu asubuhi tingatinga lingeanza kazi.

Uthibitisho alikuwa nao, kwenye simu. Ilikuwa video ya miaka minane iliyopita, dakika moja na sekunde arobaini. Marehemu mume wake anapaka geti rangi ya bluu, na mpimaji ardhi wa Mamlaka amesimama kando, anagonga jiwe kwa ncha ya kiatu na kusema: "Jiwe lenu ni hili, namba themanini na saba. Jengeni bila wasiwasi."

"Msajili, angalia mwenyewe," alisema Mama Pindo, akininyooshea simu kupitia dirishani.

"Siruhusiwi kuangalia, mama. Nikiangalia nitakuwa nimeona."

"Si ndicho ninachotaka, uone?"

"Nitaona kwenye diski."

"Na nikikuonyesha kwa bahati mbaya je?"

Nikageuza uso. Aliiwasha hivyo hivyo na sauti ikaingia ofisini. Nilimtambua mpimaji wetu mara moja. Tulikaa meza moja miaka sita kabla hajastaafu. Lakini kusikia hakutajwi katika Kanuni ya 41, kwa hiyo niliyoyasikia sikuyafanyia kazi.

"Wewe, moyo wako una mifuko mingapi?" aliniuliza.

Nilimwambia swali hilo halimo kwenye fomu.

Siku ya nne alirudi na diski. Alikuwa amekwenda kwa mpiga picha za harusi, mtu aliyebaki na kompyuta ya zamani, kubwa na nzito, na yenye sinia la kuwekea diski. Huyo alimchomea ndani ya nusu saa huku akimpa pole. Nilipokea diski kwa mikono miwili na kuisajili.

Hapa pana jambo lililosemwa sana mitaani, nami nalieleza kama lilivyokuwa. Kwa mujibu wa Waraka wa Majalada wa mwaka juzi, kila kielelezo kitatobolewa matundu mawili, umbali wa sentimita nane, na kupitishwa uzi. Diski huja na tundu moja, nalo liko katikati, mahali pasipolingana na jalada lolote la serikali. Waraka ulitoka baada ya diski yetu ya mwisho kupokelewa, kwa hiyo hii ilikuwa mara yangu ya kwanza kuutekeleza. Nilichukua panchi kubwa.

Tulipoiweka kwenye mashine mbele ya mwenye nayo, mashine ilikohoa mara tatu, ikaitema.

"Umeitoboa!" alisema Mama Pindo.

"Nimeisajili."

"Msajili, jamani! Mimi nimekuletea nyumba yangu, wewe umenitengenezea kifungo cha koti!"

Niliandika kwenye daftari: *Kielelezo kimepokelewa. Hakichezeki. Sababu: cha mitaani.*

Mkurugenzi alisoma taarifa hiyo na kusikitika sana. Aliitisha kikao siku hiyohiyo. Alieleza kwamba diski za mitaani zimeshaonyesha udhaifu wake, kwamba wananchi hawawezi kuachwa wahangaike na vitu visivyochezeka, na kwamba kuanzia sasa diski zote za ushahidi zitachomwa ndani ya Mamlaka, kwenye kompyuta zetu mpya. Ndipo ikaundwa Kamati ya Kutafuta Programu ya Kutengeneza na Kuchoma Diski za Video kwenye Kompyuta Mpya, na tangazo nililolitaja likabandikwa mlangoni. Wajumbe walikuwa saba. Mimi nilikuwa katibu.

Mjumbe wa saba alikuwa Afisa Mitambo, mwanamke aliyebakiza miezi mitano kustaafu, mwenye tabia ya kusema jambo mara moja tu.

"Bosi," alisema, "hizi kompyuta mpya hazina mdomo."

"Mdomo gani?"

"Pa kuingizia diski. Lile sinia linalotoka kama ulimi. Hazina. Zimekuja nyembamba kama daftari. Hata ukipata programu, utachomea wapi? Hewani?"

Mkurugenzi alimtazama kwa huruma.

"Afisa, ndiyo maana tunatafuta programu."

"Programu haitoboi kompyuta, bosi."

"Teknolojia imesonga mbele. Tusiwe watu wa kukatishana tamaa."

Niliandika kwenye muhtasari: *Kamati iliafiki kwamba programu itakayopatikana iwe na mdomo wake.* Afisa Mitambo alisaini mahudhurio, akatoa kitambaa chake na kuendelea kufuma.

Utafutaji ulikuwa wa kina. Programu ya kwanza ilikuwa ya bure. Iliposakinishwa ilikuja na hali ya hewa ya mji ambao hakuna mjumbe aliyewahi kuusikia, pamoja na mchezo wa karata. Mkuu wa Manunuzi aliuchunguza mchezo huo kwa siku mbili na kufika hatua ya tisa kwa niaba ya kamati. Mahali pa kuchomea diski hapakuonekana.

Programu ya pili ilisifiwa na wote. Ilitengeneza diski vizuri, na mwanzoni iliweka menyu, yaani ukurasa wenye picha na kitufe cha kuanzia. Ilikuwa na violezo vya menyu thelathini: vya harusi, vya siku ya kuzaliwa, vya likizo. Cha mipaka ya viwanja hakikuwemo. Kamati ilijadili siku nzima ya saba na nusu ya siku ya nane. Kiolezo cha harusi kilikataliwa kwa sababu kilikuwa na kengele. Kilichopitishwa ni kile cha kukaribisha mtoto mchanga, chenye ndege korongo aliyebeba kichanga katika furushi, kwa kuwa rangi zake zililingana na za nembo yetu.

Mwenyekiti wa kamati alibonyeza *Choma*. Kompyuta ikajibu: *Tafadhali ingiza diski.*

Wajumbe waliitazama kompyuta mbele, kisha pembeni. Mwanasheria aliigeuza chini. Mwenyekiti aliuliza kama kuna aliyejaribu nyuma.

"Hazina mdomo," iliandikwa katika muhtasari, kama ugunduzi wa kamati.

Afisa Mitambo aliweka kitambaa chini, akafungua mkoba wake na kutoa kichomeo cha nje, kiboksi cheusi chenye waya, akakichomeka ubavuni mwa kompyuta. Sinia likatoka.

"Ulikuwa nacho tangu lini?" aliuliza Mwenyekiti.

"Tangu kikao cha kwanza."

"Na hukusema?"

"Nilisoma tangazo. Mwenye nayo asiilete."

Ilibidi tuvunje kikao kwa dakika kumi ili kichomeo kisajiliwe kama kilichotafutwa. Tuliporudi, programu ya pili ilitangaza kwamba muda wake wa bure ulikuwa umekwisha, na ikajifunga pamoja na korongo wake.

Siku ya kumi nilitumwa kupeleka kwa Mama Pindo barua ya kumjulisha kwamba jambo lake linashughulikiwa. Nilifika mchana. Cherehani iko barazani, na kila mteja anayesubiri hukaa juu ya ndoo iliyogeuzwa. Ndani ni vyumba viwili. Katika cha kwanza alikaa mama mkwe wake, bibi wa miaka themanini na kitu, kitandani, anachambua vifungo kwenye makopo kwa kuvipapasa, kwa sababu haoni vizuri. Aliuliza nani ameingia. Mama Pindo akamwambia ni mtu wa ofisi ya mipaka, wa vitu vinavyong'aa.

"Wa vitu vinavyong'aa?" alisema bibi. "Mbona nasikia harufu ya viatu visivyopigwa rangi?"

Nilimkabidhi Mama Pindo barua. Aliisoma akiwa amesimama.

"Inasema mnatafuta."

"Ndiyo."

"Na tingatinga?"

"Hilo limeshapatikana."

Aliikunja barua mara nne. "Msajili, huyu mama hajui mahali pengine. Anajua hatua saba hadi bombani na hatua kumi na moja hadi chooni. Nikimhamisha nitakuwa nimempofusha mara ya pili. Andika hilo mahali."

Nilimweleza kwamba sehemu ya Maoni Mengineyo ina nafasi ya mistari miwili. Aliniambia basi niandike kwa herufi ndogo. Niliandika. Yalitosha.

Programu ya tatu ilipatikana siku ya kumi na mbili, na ilifanya kazi. Afisa Mitambo aliipakua wakati wajumbe wengine wamekwenda kula. Mama Pindo aliitwa, video ikatolewa kwenye simu, ikageuzwa kuwa ya namna inayosomwa na mashine, ikachomwa na kufungwa. Diski ilitoka ikiwa na joto. Safari hii niliomba kibali cha kutoitoboa, nikapewa kwa maandishi.

Siku ya kumi na tatu tuliicheza. Mashine haikukohoa. Geti la bluu lilionekana, na brashi, na mgongo wa marehemu. Mpimaji alionekana akiinua mguu kugonga jiwe. Ila katikati ya kioo, kuanzia mwanzo hadi mwisho, kulikuwa na maneno makubwa meupe: TOLEO LA MAJARIBIO. Herufi nne za katikati zilikaa sawasawa juu ya namba ya jiwe.

"Yatoeni hayo maandishi," alisema Mama Pindo.

"Yanatoka ukinunua toleo kamili," alisema Afisa Mitambo.

"Basi nunueni!"

Mkuu wa Manunuzi alieleza kwamba ununuzi wa programu huchukua siku tisini, kama hakuna sikukuu.

Mwanasheria wetu ni mtu makini. Aliandika maoni ya kurasa mbili, akayasaini, na kuyagonga muhuri. Kiini chake ni hiki: jambo lililoandikwa kwenye kioo kuwa ni la majaribio, ni la majaribio, ushahidi wa majaribio si ushahidi, na hakuna mtu, awe nani, anayeweza kulazimisha Mamlaka kutambua diski yenye maandishi hayo. Mkurugenzi alimpongeza kwa ufasaha wake na kuagiza maoni hayo yawe msimamo wa kudumu wa Mamlaka.

Mama Pindo hakupiga kelele. Aliomba kusikilizwa kwa mara ya mwisho, haki ambayo Kanuni inampa, na akapangiwa siku ya kumi na tano saa mbili kamili.

Siku hiyo chumba cha mikutano kilijaa. Tingatinga lilikuwa limeshaegeshwa nje, linanguruma, na kila mara glasi za maji mezani zilitetemeka. Mkurugenzi aliketi mwisho wa meza, Mwanasheria kulia kwake. Mama Pindo alikaa upande wa pili akiwa na futi ya kupimia nguo shingoni, kwa kuwa alitoka moja kwa moja kazini.

"Mama, una diski?" aliuliza Mkurugenzi.

"Sina. Mlizonazo mmezikataa zote."

"Basi tumemaliza. Tunakushukuru kwa ushirikiano wako."

"Na yenu iko wapi?"

"Yetu ipi?"

"Diski ya kuamua nyumba yangu ivunjwe. Mimi nimetoboa viatu kwa kutafuta diski. Nyie mnaruhusiwa maneno ya mdomo tu?"

Baadhi ya wajumbe walicheka. Mkurugenzi naye alicheka. Mimi sikucheka, kwa kuwa swali lilikuwa la kiutaratibu. Nilifungua Kanuni ya 41 na kusoma kwa sauti fungu la pili, ambalo halijawahi kuombwa na mtu.

"*Kila uamuzi wa Mamlaka kuhusu mpaka utasomwa na Mkurugenzi mbele ya kamera na kuhifadhiwa katika diski ya video ndani ya siku kumi na nne. Usipohifadhiwa, hautakuwa na nguvu.*"

"Msajili," alisema Mkurugenzi polepole, "nani amekuuliza?"

"Mama huyu, Mheshimiwa."

Nilifungua daftari. Diski ya mwisho ya uamuzi ilikuwa namba 318, ya miaka minne iliyopita. Wiki iliyofuata zililetwa kompyuta mpya. Tangu hapo Mamlaka imetoa maamuzi mia mbili na kumi na mawili. Diski: hakuna. Nilijumlisha mara mbili ili kuwa na uhakika.

"Maana yake nini?" aliuliza Mkuu wa Manunuzi.

"Maana yake hayapo," nilisema. "Yalisemwa tu."

"Funga hilo daftari," alisema Mkurugenzi.

"Hufungwa mwisho wa mwaka, Mheshimiwa."

Kwa kuwa daftari lilikuwa wazi, niliangalia pia jiwe namba themanini na saba. Lilikuwemo. Diski namba 266, miaka minane iliyopita, kabati langu, droo ya pili. Nilikwenda kuileta. Tuliicheza. Alikuwa mpimaji yuleyule, jiwe lilelile, na namba inayosomeka bila maandishi yoyote juu yake. Mkurugenzi wa wakati ule alisoma uamuzi kwa sauti kavu: ukuta uko mahali pake.

Mama Pindo aliitazama mpaka mwisho. Kisha akanigeukia.

"Ilikuwa kwenye kabati lako? Siku zote hizi kumi na nne?"

"Miaka yote minane, mama. Hukujaza fomu ya kutafutiwa kielelezo."

"Ningeombaje kitu nisichojua kama kipo?"

"Ndiyo sababu fomu hiyo haijawahi kujazwa na mtu hata mmoja."

Nilitarajia tusi. Alisema tu, "Wewe ungekuwa cherehani, ungeshona bila uzi na bado ungehesabu mishono." Akasimama, akamuuliza Mwanasheria kama nyumba yake iko salama, akaambiwa ndiyo, kwa maandishi. Akachukua karatasi yake na kuondoka. Alikuwa na sare za shule za kumaliza kabla ya jioni, na bibi hajanywa chai.

Kikao hakikwisha. Mkurugenzi alikuwa amechukua orodha ya maamuzi mia mbili na kumi na mawili na kuipitishia kidole, na kidole kilisimama kwenye namba saba.

"Tuyarudie," alisema ghafla. "Yote. Leo. Nitayasoma upya mbele ya kamera. Afisa, choma!"

Afisa Mitambo alitoa kichomeo. Mkurugenzi alinyoosha tai na kusoma, akianza na namba saba, ingawa mimi ningeanza na namba moja. Diski ilitoka, tukaicheza. Alionekana vizuri, ila paji la uso lote, kuanzia sikio hadi sikio, liliandikwa TOLEO LA MAJARIBIO.

Wote tulimtazama Mwanasheria. Mwanasheria aliyatazama maoni yake ya juzi, akaitazama saini yake.

"Mheshimiwa," alisema, "ni msimamo wa kudumu."

"Yaani mimi ni wa majaribio?"

"Kwa mujibu wa kioo."

Uamuzi namba saba ulikuwa wa karibu miaka minne iliyopita. Ulisogeza mpaka wa barabara mita nne, kwa sababu za kiufundi, mbele ya nyumba moja tu. Nyumba hiyo ni ya Mkurugenzi, na katika mita hizo nne alijenga sebule yenye dirisha la duara. Kwa kuwa uamuzi namba saba haupo, uliobaki na nguvu ni ule wa kabla yake, diski namba 297. Nilishauri tuicheze ili kusiwe na dhana. Sikupata jibu, nikachukulia kimya kuwa kibali.

Kwenye kioo alitokea yeye mwenyewe, Mkurugenzi wetu, enzi hizo Naibu aliyekaimu kwa wiki mbili. Alikuwa mwembamba na ana nywele. Aliinua kidole.

"Chochote kilichomo ndani ya hifadhi ya barabara hii," alisema kwenye diski, "kitavunjwa, bila notisi nyingine na bila kuangalia sura ya mtu."

Picha ilikuwa safi kabisa. Kazi ya zamani ilichomwa vizuri.

Wakati huo mlango ulifunguliwa na dereva wa tingatinga akaingia, kofia mkononi.

"Jamani, mnanikalisha. Mafuta yanaungua. Nivunje wapi?"

"Hakuna kuvunja," alisema Mkurugenzi. "Rudisha mtambo."

"Siwezi, bosi. Nimeshausaini kutoka. Fomu ya kurudisha ina sehemu ya *Kilichobomolewa*, na vipimo vyake. Haitakiwi kuachwa wazi. Mwaka jana niliiacha wazi, nikasimamishwa kazi wiki mbili."

"Nani mpumbavu alikusimamisha?"

Dereva alitazama kofia yake. Barua ninayo kwenye jalada, lakini sikuona haja ya kuileta.

"Andika chochote!"

"Chochote hakina urefu na upana, bosi."

Ilibidi pawe na kitu chenye urefu na upana, ambacho kina amri halali ya diski, kilicho umbali unaofikika kabla ya saa sita, muda wa mtambo kurudi. Nilipitia daftari lote. Kilikuwa kimoja. Nilimpa dereva namba ya diski, naye akaiandika kiganjani.

Tulikwenda kwa miguu nyuma ya tingatinga: mimi, Mwanasheria, Afisa Mitambo na wajumbe wanne. Mkurugenzi alitangulia kwa gari, akafika dakika chache kabla yetu, na akatumia dakika hizo kutoa makochi. Tulimkuta barabarani amekalia moja. Mke wake alitoka akiwa na rimoti ya televisheni mkononi.

"Baba watoto, hawa ni akina nani?"

"Ni ofisi."

"Ofisi ya nani?"

Mkurugenzi alitafakari. "Yangu," alisema.

Kazi ilichukua dakika ishirini na mbili. Dereva ni fundi. Chumba cha kulia chakula hakikupata hata ufa. Nilipima kilichobaki chini na kujaza fomu: *Sebule, moja. Mita nne kwa sita. Dirisha la duara.* Fomu inahitaji saini ya Mkurugenzi, nami nikampelekea pale alipoketi, na kalamu. Alisaini. Saini yake ni ndefu, ina mkia unaokwenda kulia, na siku hiyo mkia ulitoka nje ya kisanduku.

Nikampa fomu nyingine.